Magogo Yaliyoziba Mto Nyamusikwa

Kwetu asubuhi inaanza na ndizi. Ukiamka, hata kabla hujasalimiana vizuri na mkeo, unashuka bondeni kuangalia mikungu. Upi umekomaa, upi umeangushwa na nyani, upi umeondoka na jirani. Ukirudi ndipo unapewa magimbi ya kuchemsha na chai. Ndivyo tunavyoishi, na mto wetu Nyamusikwa unapita hapo katikati, unakoroma kama mtu aliyeshiba.

Jirani yangu anaitwa Muyambo. Ni jirani, na tena ni mtani wangu. Kwetu mtani si mtu wa kucheka naye tu. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukuambia mbele ya watoto wako maneno ambayo ndugu yako wa tumbo moja anaogopa kuyasema. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuiga mwendo wa marehemu hapo uwanjani, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, mpaka wanaolia wacheke. Basi mimi kwa Muyambo ni mtu huyo. Baba yangu naye alikuwa hivyo kwa baba yake.

Sasa nisikilizeni hapa. Nyumba ya Muyambo iko upande wa juu wa daraja. Binti yake, Raviro, aliolewa na kijana mmoja mpole anaitwa Kwadzanai, wakajenga upande wa chini wa daraja, pale mto unapotanuka. Ukisimama darajani unaziona nyumba zote mbili. Ya baba huku juu. Ya binti kule chini, ile ya bati la buluu.

Mwaka ule kikapita kimbunga. Mvua ilinyesha mpaka tukasahau sura ya jua. Huko mlimani kuna mashamba makubwa ya miti, misonobari na mikaratusi, na mlima ukaporomoka. Miti ikashuka na maji. Mingine na mizizi yake, mingine ilishakatwa ikawa inangoja lori. Yote ikaja mpaka kwenye daraja letu. Daraja lenyewe limejengwa chini chini, halikuipisha. Gogo la kwanza likakwama, la pili likaliegemea la kwanza, na mengine yote yakaja kujazana nyuma yake. Mvua ilipokatika tukakuta ukuta wa magogo umefunga mto kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Na nyuma ya ukuta, ziwa.

Ziwa kweli! Shamba la ndizi la Muyambo lote lilikuwa ndani, yanachungulia majani tu. Maji yalifika kwenye ukuta wa jiko la mke wake, MaSithole. Nyumba kubwa iko nyuma ya jiko hilo, hatua chache tu. Nyumba ya matofali ya udongo hiyo, ikinywa maji msingi unalainika kama mkate kwenye chai.

Na sisi wengine tulifanya nini? Tulichukua mashoka! Kwetu kitu kilicholetwa na mto ni cha yule aliyekiwekea alama kwanza. Kila mtu alikuwa na paa linalovuja. Basi tukapanda juu ya ule ukuta, huyu anachanja alama kwenye gogo lake, yule lake, tunagombana. Mimi nilipata msonobari mmoja mnyoofu, mzuri, nikaukalia kabisa mtu asije akauchukua.

Tukiwa huko juu likaja lori kubwa limebeba kijiko. Nasema ile mashine ya minyororo miguuni, yenye mkono mrefu. Huu mkono wake haukuwa na ndoo, ulikuwa na kucha mbili za chuma za kushikia. Dereva wake anaitwa Trymore, mtu mnene wa maneno machache. Pamoja naye alikuwa dada mmoja wa wilayani, kazi yake mito na madaraja. Chenayi Mapungwana. Amevaa mabuti yamemzidi.

Akatuangalia. Hakupiga makofi ya salamu, hakuuliza tumeamkaje. Akasema tu, "Shukeni."

"We binti," nikamwambia nikiwa juu ya msonobari wangu, "kwenu hawasalimii?"

"Nitawasalimu mkiwa nchi kavu, Sekuru. Siwezi kumsalimu marehemu, haitikii."

Sekuru kwetu ni babu. Watu wakacheka, lakini tukashuka. Na kweli, tulipofika chini akapiga goti, akapiga makofi, akatusalimu mmoja mmoja kama alivyolelewa. Nikamkubali.

Muyambo hakuwa na hamu ya salamu. Alishakuja mbio, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Mashine hiyo imekuja. Vizuri. Unaliona lile gogo la mkaratusi, lile nene hapo katikati? Livute hilo. Likitoka hilo, yote yanaondoka."

"Ni kweli, Baba," Chenayi akasema. "Yote yanaondoka. Ile nyumba ya bati la buluu ni ya nani?"

"Ya mkwe wangu."

"Kuna nani ndani?"

"Binti yangu na mtoto wake. Kwa nini?"

"Nikivuta lile gogo sasa hivi, ile nyumba hutaiona tena."

Chenayi akaendelea, taratibu, wala hakupandisha sauti.

"Gogo lile sisi tunaliita kufuli. Magogo yote yameliegemea. Na ziwa lote limeyaegemea magogo. Ukitoa kufuli, maji ya siku zote hizi yanatoka kwa mara moja, na magogo ndani yake. Daraja linakwenda, nyumba inakwenda. Kwa hiyo kufuli ni la mwisho. Leo hatugusi kitu. Leo tunatembea."

"Tunatembea?" Muyambo akapaza sauti. "Maji yako jikoni kwa mke wangu, wewe unataka kutembea? Umekuja kwa matembezi?"

"Kutembea ndiyo nusu ya kazi, Baba. Lazima nijue maji ni mengi kiasi gani, nani anakaa chini, udongo gani unaweza kubeba mashine. Kijiko hiki ni kizito. Nikikisimamisha kwenye ukingo mlaini, kitaingia mtoni na Trymore wetu."

"Trymore hajui kuogelea," Trymore akasema.

Akaniomba nimpeleke upande wa chini. Tukaenda. Raviro tulimkuta anafua nguo, mtoto amelala kwenye kivuli cha nyumba. Chenayi akamwambia ahame leo, yeye na mtoto na mbuzi, aende juu kwangu mpaka kazi iishe.

Raviro akacheka. "Nihame kwenda wapi na nguo mbichi? Baba yangu yuko pale juu. Unafikiri Baba atakubali maji yanifuate? Nitahama kesho."

"Kesho mbali, mdogo wangu."

"Nguo zikikauka basi. Jioni."

Chenayi hakupenda. Nilimwona anauma mdomo. Lakini mtu huwezi kumbeba kwenye mkeka. Akaniambia, "Sekuru, usimwache jioni." Kisha yeye na Trymore wakapanda kuelekea juu ya mto, kuona kama kuna magogo mengine yanakuja nyuma. Mashine wakaiacha kwenye barabara.

Hawajafika mbali, mlima ukavaa wingu. Jeusi, limekaa kama kofia ya mlevi. Muyambo alikuwa anaangalia wingu, anaangalia jiko, anaangalia wingu. Kisha maji yakaingia jikoni, yakazima moto mafigani. MaSithole akatoka na sufuria mikononi, amesimama, hajui aiweke wapi.

Hapo ndipo Muyambo alipokata shauri. "Tuite nhimbe," akasema. "Babu zetu walikuwa na vijiko?"

Nhimbe, ile kazi ya kusaidiana ya kijiji kizima, kwetu haikawii. Wanaume walikuwepo tayari na mashoka yao. Wakaletwa maksai wanne na nira na mnyororo mrefu wa kuvutia. Maksai wakasimamishwa ukingoni juu. Sasa mnyororo ufungwe kwenye gogo, lile lile kufuli. Na kulifikia, lazima mtu ashuke upande wa chini, asimame mtoni mbele ya ule ukuta, magogo yote yakiwa juu ya kichwa chake.

Nani anashuka? Hata haikuulizwa. Kwetu kazi ngumu ya ukweni ni ya mkwe. Kaburi la ukweni anachimba yeye, ng'ombe wa ukweni anachinja yeye. Na baba mkwe akimtuma hasemi hapana. Hata usoni hamtazami.

"Mkwe!" Muyambo akaita.

Kwadzanai akaja, akachuchumaa, akapiga makofi.

"Chukua mnyororo. Shuka. Funga lile gogo nene."

Kwadzanai akalitazama gogo. Akageuka akaitazama nyumba yake, na Raviro, anaonekana mdogo kule chini, anaanika nguo. Akatazama chini kwenye udongo.

"Ndiyo, Baba," akasema.

"Umekula kuku wa watu, mkwe!" mmoja akapiga kelele. "Leo walipe!"

"Ukiogopa tutamrudisha Raviro kwao!"

Watu wakaangua kicheko. Kwadzanai akashuka na mnyororo begani, ncha ya pili imefungwa kwenye nira ya maksai. Akafika chini. Maji yalikuwa yanachuruzika katikati ya magogo, yanamdondokea mgongoni. Akaanza kupitisha mnyororo chini ya kufuli.

Kisha ukuta ukalia. Sijui niseme vipi. Kama mlango mkubwa usio na mafuta. Ngwiiii. Kicheko kikakatika palepale. Kwadzanai akasimama kimya, mkono umo chini ya gogo, hatoki, haendelei. Anangoja baba mkwe aseme. Na baba mkwe kashika mjeledi, kakodoa macho kwenye wingu.

MaSithole akanijia. Bado ana sufuria yake.

"Wewe si mtani wake?" akaniambia kwa hasira. "Huo mdomo wako ni wa misibani tu? Mimi ni mke, siwezi kumkataza mbele za watu. Wewe unaweza. Sema kitu!"

Nikafikiri niseme nini. Muyambo nikimwambia mjinga, nimeshamwambia mjinga maisha yake yote, hasikii tena. Basi nikaenda mbele ya maksai, mbele ya watu wote, nikaanza kutembea kama Kwadzanai. Mnajua anavyotembea? Bega moja limeshuka, miguu inarusha vidole nje, mikono nyuma. Nikatembea hivyo, taratibu, nikazunguka.

Kila mtu alielewa. Ule mwendo hauigwi mpaka mtu awe amekufa. Mwanamke mmoja akapiga yowe.

"Unafanya nini, mwendawazimu wewe?" Muyambo akaguta. "Mtu yuko hai!"

"Namwomboleza mkweo," nikamjibu. "Nimeona niwahi, kazi ni nyingi. Nikimaliza huyu nina Raviro. Raviro namjua, anatembea kama mama yake. Ila nisaidie kwa yule mtoto, mtani. Mtoto hajaanza kutembea. Nitamwigaje?"

Muyambo akanitazama. Nilidhani atanichapa na ule mjeledi. Halafu nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeamshwa. Akageukia mto. Akaona bati la buluu, akaona nguo zinapepea, akaona na yule aliyeanika.

Mjeledi ukamtoka mkononi.

"Mkwe! Acha mnyororo! Panda! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Kwadzanai alipanda ule ukingo kwa mikono na magoti. Ukuta ukalia tena. Magogo ya juu yakashuka kidogo, mkaratusi ukajizungusha, na maji yakaruka kwa upande kama bomba lililopasuka. Mnyororo ulikuwa umeshika. Ukavutwa, na maksai wakaanza kuburutwa kinyumenyume kuelekea mtoni, wanalia. Mtu mmoja mwenye akili akazikata kamba za nira kwa shoka lake. Mnyororo ukaingia majini na nira yake, hatujauona mpaka leo.

Kule chini yale maji yaliyoruka yalifika uani kwa Raviro. Yalichukua beseni, yalichukua kuku, yalichukua nguo na kamba yake. Tulimwona Raviro anakimbia kupanda mlima, mtoto kifuani, khanga imebaki nyuma.

Kisha ukuta ukakaa tena. Kufuli likashika. Ni bahati tu, hakuna aliyelishikilia. Na lile lilikuwa tone, jamani. Ziwa lenyewe bado lilikuwepo lote.

Chenayi alirudi mbio, mabuti yanapiga kofi kofi. Akatuangalia, akahesabu watu kwa kidole. Akakaa chini kwenye majani, pumzi imemwishia. Tulingoja atutukane. Hakututukana. Muyambo akaenda akachuchumaa mbele yake, mzee mzima.

"Niambie la kufanya," akasema. "Hata kama ni kutembea."

Chenayi akaokota vijiti. Akachora mto kwenye udongo, akapanga vijiti vikalaliana, kimoja kinene katikati. Tukajikusanya.

"Huku mbele ya magogo, upande wa chini, hasimami mtu. Si mkwe, si mimi, si mbwa. Na juu yake hapandi mtu. Mnaelewa? Mashine inasimama ukingoni, kwa ubavu, inanyoosha mkono. Sekuru, wapi kuna udongo mgumu?"

"Pale palipokuwa na daraja la zamani," nikasema. "Chini ni mawe matupu."

Trymore akaenda na nondo yake, akaichoma chini, ikagoma kuingia. Akarudi anatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Vizuri. Dizeli itakaa juu barabarani, mbali na maji. Sasa tunaanza na haya madogo, yaliyo juu, yasiyobeba kitu." Akaondoa vijiti vyembamba. "Kisha huku pembeni, mbali na kufuli, tunafungua mlango. Mdogo, wa kupita mbuzi. Maji yaanze kupungua. Yakipungua kidogo tunasimama, tunangoja, tunaangalia kule chini kama mto unayabeba bila kuvunja kingo. Ndipo tunaendelea. Kufuli linatoka siku ziwa limekwisha na halina tena cha kuzuia."

"Polepole hivyo, nyumba yangu itadumu?" Muyambo akauliza. Hakuuliza kwa ubishi.

Chenayi akamtazama. "Sijui, Baba. Nadhani itadumu. Lakini nikifungua kwa haraka, najua kwa hakika, ya binti yako haidumu."

Muyambo akaligeukia lile bati la buluu. "Basi polepole," akasema.

Jioni ile tulihamisha nyumba tatu za upande wa chini. Na mimi niliona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Baba mkwe amebeba godoro la mkwe wake kichwani! Kwadzanai anamfuata nyuma na mbuzi, aibu imemjaa, anasema, "Baba, nipe mimi, Baba, tafadhali." Na Muyambo anasema, "Shika mbuzi wako."

Kesho yake kila mtu alikuwa na kazi. Chenayi alimpa MaSithole filimbi, akamweka kwenye mwinuko wa ukingoni, juu ya daraja, kuangalia magogo. Likicheza kubwa, apulize, na mashine isimame palepale. Kulikuwa na mlinzi wa msitu huko mlimani, huyo alipewa namba ya simu apige mvua ikianza. Muyambo alipewa mti wa kupimia, umepakwa rangi nyekundu mistari mistari. Akausimika kwenye kona ya nyumba yake, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anasoma maji.

Trymore akawasha. Mkono ukanyooka, kucha zikafumbata gogo jembamba, zikaliinua, likazunguka hewani likichuruzika, likawekwa juu. Si ukingoni. Chenayi alikataa ukingoni. Yalibebwa mpaka juu ya ile alama ambayo mafuriko ya kimbunga yalifika, maana ukiyaacha pembeni mvua inayokuja inayarudisha palepale. Mtu mmoja akataka kukimbilia gogo lake lenye alama. MaSithole akampulizia filimbi mpaka akaruka.

"Alama zenu ziko kwenye rundo!" akamfokea. "Utachukua mashine ikizimwa!"

Kabla ya saa sita mlango ukafunguka. Maji yakapita, ya kahawia, yana kelele, lakini kwa adabu. Muyambo akapiga kelele toka kwake, "Mstari mmoja umeonekana!" Tukashangilia. Chenayi akampungia Trymore mkono asimame. Tukakaa tukanywa mahewu, ile togwa yetu ya mahindi, tunangoja.

Simu ikalia hapo. Chenayi akasikiliza. Akaikata. Akapuliza filimbi yake mwenyewe, mara tatu, na Trymore akaanza kurudisha kijiko nyuma, mpaka barabarani.

"Mvua kubwa mlimani," akatuambia. "Maji yanakuja."

Wanaume wakaruka. "Basi fungua zaidi! Fungua sasa kabla hayajafika!"

"Nikichokoza magogo sasa, maji ya mvua yatanikuta mkono uko ndani. Mlango upo. Tungoje."

"Nyumba ya mtu itaanguka tunaitazama!"

Wote tukageuka kwa Muyambo. Alikuwa amesimama kando ya mti wake. Akisema vuta, wale wanaume wangeleta maksai tena, nawajua. Maji yakaanza kuja. Tuliyaona yanavimba, yana povu na matawi. Ule mstari uliotokea ukazama. Ukazama na wa juu yake. Maji yakafika kwenye kizingiti cha nyumba, yakaanza kukilamba.

"Muyambo!" mtu akamwita. "Tufanyeje?"

Muyambo hakutazama kizingiti. Alitazama upande wa chini wa daraja, kwenye ule uwanja mtupu wa binti yake.

"Asiguse mtu!" akaguta. "Yapite mlangoni! Kaeni!"

Tukakaa. Kwenye ule mlango mdogo maji yalikuwa yanapita yamejaa hadi juu, yananguruma, magogo yanatetemeka, MaSithole kaweka filimbi mdomoni hapulizi, hapumui. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu, mpaka leo sijui ulikuwa wa nani. Kizingiti kikalowa. Maji yakasimama. Yakakaa hapo hapo, hayaendi mbele, hayarudi. Nimekaa vikao vingi vya kijiji, hakuna kilichokuwa kirefu kama kile.

Halafu Muyambo akachuchumaa kwenye mti wake. Akaweka kidole kwenye mstari. Akakitoa, akakiweka tena.

"Yameshuka," akasema polepole, kama anaogopa yatamsikia. "Kidole kimoja. Yameshuka!"

Mlango ulikuwa umeyabeba maji ya zamani na maji mapya. Tungekuwa hatujaufungua, nyumba ya juu ingekwenda. Tungekuwa tumevuta kufuli, ya chini ingekwenda. Trymore alirudi kazini mlima ulipotakata, akapanua mlango kidogo kidogo, anasimama, anaangalia, anaendelea. Siku iliyofuata ziwa lilikuwa madimbwi. Ule mkaratusi mnene ulipoinuliwa, mto haukusema kitu. Ulitoka kama jino la mtoto.

Magogo mengine yaliyozama kwenye kingo Chenayi aliyaacha. Tukamuuliza mbona hajamaliza. Akasema yale hayazuii maji, yanashika udongo wa ukingo, na samaki wanajificha humo. "Hatusafishi mto kama sahani," akasema. "Tunaupa njia tu." Msonobari wangu niliupata kwenye rundo, na paa langu halivuji tena.

Nyumba ya Muyambo ina ufa mmoja, lakini imesimama. Raviro alirudi kwake, akajenga nyumba nyingine juu zaidi, ile ya zamani akawapa mbuzi. Siku hizi kabla ya mvua tunatembea mtoni wote, tukiona gogo limeanza kukwama tunampigia Chenayi likiwa bado moja.

Msimu uliofuata yalikwama matatu, pale pale darajani. Watu wakakusanyika. Jamaa mmoja, mgeni wa ng'ambo ya mlima, akaona ni kazi ndogo, ya mnyororo na mtu mmoja tu.

"Hapa hakuna mkwe?" akauliza anacheka. "Ashuke!"

Kwadzanai alikuwepo. Alishaanza kuchuchumaa, mikono inakutana, mazoea hayo. Muyambo akamshika bega, akamwinua.

"Huyu ni mkwe wangu," akamwambia yule mgeni. "Kuchimba atachimba, kuchinja atachinja. Chini ya gogo hashuki. Wewe ukitaka mtu wa kushuka, mlete wa kwenu, na uje na mtani wake kabisa."

Akatoa simu mfukoni. Kwadzanai akabaki amesimama pembeni yake, bega kwa bega, wote wawili wanautazama mto, wanangoja dada wa wilayani apokee.